Miaka miwili natafuta dawa ya nguvu za kiume, kumbe natembea na sukari. Tuzungumzie chanzo kabla ya dawa

DerevaMasafa (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nimepaki hapa Tunduma, leo siku ya tatu, foleni ya mpakani haisogei. Nikasema acha muda huu niutumie kuandika jambo nililolibeba moyoni miaka mitatu. Ni refu. Mwenye haraka apite, ila mwenye miaka 40 kwenda juu namwomba akae.

Nina miaka 46, naendesha lori Dar–Lusaka, mke mmoja, watoto wanne. Nilipofika 43 nikaanza kuona mabadiliko. Mambo yanaanza vizuri, katikati yanalegea. Nikasema ni uchovu, usingizi wa kwenye kabini si usingizi. Miezi ikaenda, ikawa hata kuanza ni shida. Na kuna jambo ambalo wakati ule sikulipa uzito, leo ningeanza nalo: ile ya alfajiri, ya kuamkia, ilikuwa imekata kabisa. Sikumbuki hata iliondoka lini.

Nilichofanya ndicho wengi wetu tunachofanya. Hospitali sikwenda. Mtaalamu wa kwanza wa mitishamba alinibonyeza tumbo akasema ni chango. Wa pili akasema ni punyeto za ujanani, nimemaliza akiba yangu. Wa tatu hakuuliza chochote, alinipa unga kwenye kikaratasi. Nimekunywa supu ya pweza, nimetafuna mihogo mibichi kwa nazi na karanga, nimepaka vumbi la Kongo likaniunguza ngozi siku mbili.

Ule unga wa kikaratasi ulifanya kazi. Nilijiona nimepona. Lakini uso ulikuwa unawaka moto, kichwa kinagonga, na usiku mmoja nikishuka mlima Kitonga nikaona taa za magari yanayopanda zina ubuluu. Nilisimamisha gari pembeni nikamwomba Mungu.

Nyumbani nikawa mwongo. Nilikuwa nachelewa kufika makusudi ili nimkute mama watoto amelala. Nasinzia sebuleni televisheni ikiwaka. Yeye akaamini nina mwanamke ng'ambo ya mpaka. Hakusema neno, alikonda tu, na mimi nilikuwa namwona anavyokonda.

Kilichoniokoa ni kupimwa afya kazini. Sukari kabla ya kula chochote: 15.8. Presha 162 kwa 101. Daktari alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliziangalia zile namba, akasimama akafunga mlango, akaniuliza, "Mzee, na ndani ya nyumba hali ikoje?" Nilikaa kimya, halafu nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali hilo bila kuwa na kitu cha kuniuzia.

Alinieleza kwa lugha ya malori. Breki za lori zinatumia upepo. Kuna kompresa inayosukuma, mipira inayopitisha, vali zinazofungia upepo usitoroke, na kuna mguu wa dereva unaotoa amri. Breki ikigoma, fundi anayejua kazi hakimbilii kubadilisha pedali. Anasikiliza kwanza: kompresa inasukuma? Mpira umeziba? Vali inavujisha? Au dereva mwenyewe ameingiwa hofu hakanyagi? Na uume ni hivyo hivyo. Moyo unasukuma damu, ateri zinaipitisha, vena zinatakiwa kubanwa ili isirudi, na amri inatoka kwenye ubongo kwa njia ya neva. Kwangu mimi, sukari ilikuwa imeshagusa mipira na nyaya kwa pamoja, na muda wote huo nilikuwa nahangaika na pedali.

Sina dawa ya kuuza. Nataka tusaidiane kujua chanzo. Wenye ujuzi karibuni, na walio kimya kama nilivyokuwa mimi karibuni zaidi. Nawasilisha.

Tabibu_Wilayani

Mkuu DerevaMasafa, umefanya jambo kubwa. Mimi ni tabibu hospitali ya wilaya, niko kliniki ya sukari na presha. Wanaume wanakuja wanasema miguu inawaka moto, macho yana ukungu, wanakojoa usiku. Hili hawalisemi mpaka wameshanyanyuka kuondoka, mkono uko kwenye kitasa: "Halafu daktari, kuna kajambo kengine kadogo..." Hako kadogo ndiko kaliwaleta.

Nianze na jina lenyewe. "Upungufu wa nguvu za kiume" ni kapu tulilotumbukiza vitu vinne visivyofanana. Yupo aliyekosa hamu. Yupo mwenye hamu lakini hasimamishi. Yupo anayesimamisha vizuri lakini anamaliza mapema. Na yupo asiye na shida yoyote kitandani ila mbegu hazitungishi mimba. Wote wanne wakienda stendi wanauziwa chupa moja. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema ana dawa ya "nguvu za kiume" najua hajui anatibu nini. Hapa tuongelee kusimama, au kusimama bila kudumu.

Sasa namna inavyofanya kazi, na naomba msome polepole, maana ukielewa hapa umeelewa yote. Ubongo ukipata kichocheo, neva zinazotoka chini ya uti wa mgongo zinaachia gesi inayoitwa naitriki oksidi kwenye mishipa ya uume. Gesi hiyo inalegeza misuli laini iliyo kwenye kuta za mishipa. Ateri zinatanuka, damu inajaa kwenye mihimili miwili iliyo kama sifongo, na kule kujaa ndiko kunakozibana vena damu isirudi. Kwa hiyo kusimama kunaanza na kulegea. Misuli ya ndani ikikaza, damu haiingii, hata uwe na hamu ya namna gani. Waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini, Wamarekani watatu Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Nani anaikaza misuli hiyo au kuiziba njia? Sukari inaharibu utando wa ndani wa mishipa, ule unaotoa gesi, na inaharibu neva zenyewe. Mwenye sukari anaweza kupata shida hii miaka 10 hadi 15 kabla ya mwenzake asiye nayo. Presha inafanya kuta za mishipa kuwa ngumu. Kolesteroli inaziba. Sigara inafanya yote matatu. Kitambi kinashusha homoni ya testosteroni. Figo zilizochoka, tezi ya shingo, kiharusi, upasuaji wa tezi dume, kukoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini, vyote vimo.

Na sasa hili ndilo ningependa kila mwanaume wa miaka 40 alijue. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2. Zile zinazolisha moyo ni milimita 3 hadi 4. Uchafu unajengeka kwenye mishipa yote ya mwili kwa wakati mmoja, lakini bomba jembamba ndilo linaloonyesha kwanza. Mara nyingi shida ya kusimama inatangulia dalili za moyo kwa miaka 2 hadi 5. Mwenye miaka 48, mvutaji, ambaye mambo yamelegea polepole bila sababu, mimi namwona kama mgonjwa wa moyo mpaka vipimo viniambie vingine.

NdoaChanga

Shikamooni wakubwa. Natetemeka kuandika hapa. Nina miaka 26, nimeoa miezi minne iliyopita. Sina sukari, sina presha, sivuti, nacheza mpira Jumamosi. Alfajiri naamka niko imara kabisa. Nikiwa peke yangu hakuna shida. Ila nikimkaribia mke wangu kinazimika kama taa.

Ilianza usiku wa kwanza. Sherehe iliisha saa nane, nilikuwa sijala tangu asubuhi, nilikuwa hoi. Nikashindwa. Asubuhi shangazi yake akaja na chai na yale macho ya kuuliza. Tangu siku ile, kabla hata sijavua shati, kichwani nasikia, "leo tena itakuwa vilevile?" Na inakuwa vilevile. Nilifanya punyeto nikiwa sekondari. Naomba mniambie ukweli, nimejiharibu?

Tabibu_Wilayani

Marahaba bwana mdogo. Hujajiharibu. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu najua kuna kumi kama wewe wanasoma bila kuandika.

Mwanaume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 kwa usiku akiwa usingizini, bila ndoto yoyote ya mapenzi. Ile unayoamkia alfajiri ni ya mwisho kati ya hizo. Kama ipo na ni imara, damu inaingia, neva zinapitisha, vena zinabana. Kinachoshindikana ni amri, na amri inashindikana kwa sababu ya hofu. Rudi kwenye nilichosema: kusimama kunaanza na kulegea. Hofu inamwaga adrenalini, na adrenalini inakaza misuli ileile iliyotakiwa kulegea. Mwili wako unadhani unakimbia simba. Hakuna kiumbe kinachosimamisha kikikimbia simba.

Angalieni pia namna shida inavyokuja. Ya mwili mara nyingi inakuja polepole, miezi na miaka, na haichagui: alfajiri, peke yako, na mkeo, kote imepungua. Ya mawazo inakuja ghafla, ina siku yake ya kuzaliwa unayoikumbuka, na inachagua mahali. Wewe umeniambia siku, saa, na mpaka shangazi aliyeleta chai.

Punyeto haiharibu mishipa wala neva, na hakuna "akiba" inayoisha. Ninachokiona ni kijana aliyezoea mkono wa nguvu na video kwa miaka, mwili ukajifunza njia hiyo moja, akikutana na mtu halisi inamchukua muda kuzoea. Hilo linarekebishika. Hatia mliyopandikizwa kuhusu punyeto imewafunga wengi kuliko punyeto yenyewe.

Cha kufanya. Zungumza na mkeo, kwa maneno haya haya uliyoandika hapa. Kisha mpatane kwamba kwa wiki tatu hakuna tendo, ni marufuku. Mnalala pamoja, mnakandana, mnashikana mwili mzima, mwanzoni bila kugusa sehemu za siri, baadaye mnagusa, lakini hata ikisimama hamfanyi. Mtihani ukiondolewa, mtahiniwa anapumua. Njia hii inatumika tangu miaka ya 1970 na inatibu watu. Na hata hivyo kapime sukari na presha mara moja, haipotezi kitu.

MzeeWaTanga

Wanangu, mimi nina miaka 63. Nataka niseme la dawa za presha, maana limenigharimu.

Nilianzishiwa vidonge nikiwa na miaka 55. Wenzangu kijiweni wakaniambia vidonge hivyo "vinaua mwanaume". Kweli baada ya miezi michache nikaona nimepungua. Nikaviacha kimyakimya, nyumbani nikawa nasema nimeshameza. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikaanguka msikitini, upande wa kushoto ukapooza. Mkono huu hadi leo haufungi kifungo cha shati. Na kile nilichokuwa nakiokoa, kiharusi kilikichukua chote.

Daktari naomba uwaeleze wenzangu, ni kweli vidonge vinapunguza?

Tabibu_Wilayani

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Ni kweli kwa baadhi, na sisi watabibu tuna makosa yetu hapo, hatuwaambii wagonjwa mapema.

Vidonge vya kukojosha vya jamii ya thiazidi, na vile vya kupunguza mapigo ya moyo vya zamani kama atenololi na propranololi, vinaweza kupunguza. Lakini amlodipini na losatani kwa kawaida havigusi sehemu hiyo. Kwa hiyo mgonjwa akirudi akasema, "Daktari, tangu nianze hiki kidonge nimelegea," tunaweza kubadilisha. Hatuwezi kubadilisha tusichoambiwa. Na kumbukeni presha yenyewe, ikiachwa, inaharibu kuliko kidonge.

Zipo na nyingine: dawa nyingi za sonona, dawa za magonjwa ya akili, na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wanaimeza ili wachelewe kumaliza. Ikitumiwa muda mrefu inashusha testosteroni.

MamaK_Dodoma

Kaka zangu, naomba niingie ingawa mimi ni mwanamke.

Mume wangu alipunguzwa kazi. Kwa nje alionekana yuko sawa. Ila akaacha kwenda kanisani, akaacha kuangalia mpira, akawa anaamka saa tisa usiku anakaa kitandani anatazama ukuta. Jioni anakunywa pombe kali ili alale. Kitandani akawa hanigusi. Nikimgusa mimi, ananisukuma mkono.

Mnajua mwanamke anawaza nini? Hawazi mishipa. Anawaza ana mwingine. Halafu anawaza, nimenenepa, nimezeeka, nanuka. Nilianza kufunga kula. Nilipekua simu yake kila siku, sikukuta mwanamke, nilikuta amemwandikia kaka yake: "Sioni faida ya mimi kuwepo."

Nilimpeleka hospitali siku ileile. Wakasema ni sonona. Imechukua karibu mwaka. Hamu ilirudi ya mwisho kabisa, baada ya usingizi, baada ya chakula, baada ya kucheka. DerevaMasafa umeandika ulimwona mkeo anakonda ukanyamaza. Mimi ndiye yule mke. Laiti mume wangu angeniambia neno moja tu, "naumwa", ningekaa naye hata miaka kumi bila kitu.

DerevaMasafa

Dada MamaK, nimesoma mara mbili. Mungu awabariki. Nitaandika chini jinsi nilivyomwambia wangu.

NiliwahiKuuza

Nilikuwa sitaki kuandika, ila ule ubuluu aliouona mwanzisha uzi umeninyima usingizi.

Kuanzia 2014 nimeuza "dawa ya asili" kwenye stendi kwa miaka minne. Mizizi ilikuwa mizizi kweli, nilikuwa natwanga mwenyewe. Lakini mizizi peke yake wateja hawarudi. Aliyenifundisha kazi alinionyesha: unanunua vidonge vya sildenafili, ndiyo Viagra, kwa jumla, unavisaga, unachanganya. Hakuna mzani, unakadiria kwa macho. Kikaratasi kimoja kinaweza kuwa na robo kidonge, kingine kikawa na viwili. Kuona ubuluu, uso kuwaka, kichwa kugonga, hiyo ni sildenafili. Ndugu yangu, ulimeza kidonge ambacho hukujua unameza, ukiwa na presha ya 162, ukiendesha mlima.

Niliacha baada ya mzee mmoja, mteja wangu, kukutwa amekufa gesti. Sijui kama ni dawa yangu. Nilijua tu kwamba alikuwa anatumia dawa za moyo, aliwahi kuniambia, na mimi nikamuuzia.

Tabibu_Wilayani

Nashukuru umesema. Nieleze kwa nini habari ya huyo mzee inatisha. Sildenafili ilikuwa inajaribiwa Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua ya moyo, wanaume kwenye majaribio wakaona inafanya jingine, na Machi 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra. Inafanya kazi kwa kurefusha athari ya gesi ile ya naitriki oksidi. Sasa, wagonjwa wa moyo wanapewa dawa za jamii ya naitreti, zikiwemo zile za kuweka chini ya ulimi, na hizo zinaongeza gesi hiyohiyo. Zikikutana, mishipa ya mwili mzima inatanuka kwa wakati mmoja na presha inaporomoka hadi mtu anakufa. Hakuna dozi ndogo iliyo salama kwa mwenye naitreti.

Kwa asiye na kizuizi hicho, aliyepimwa na kuandikiwa, ni dawa nzuri. Sildenafili unameza saa moja kabla, ukiwa hujala chakula cha mafuta mengi maana kinaichelewesha. Tadalafili, ya jamii hiyohiyo, inakaa mwilini hadi saa 36. Na hazisimamishi zenyewe, lazima uwe na hamu na kichocheo, ndiyo maana kwa mwenye sonona au ugomvi ndani ya nyumba mara nyingi hazifui dafu.

Na ikisimama zaidi ya saa 4 bila kushuka, iwe umemeza kitu au hujameza, kimbia hospitali usiku huohuo. Vijana wenye selimundu hili linawapata hata bila dawa, na wakiona aibu wakasubiri asubuhi, nyama za ndani zinakufa na hazirudi.

MtuWaKakamega

Habari zenu, nawasoma nikiwa Kenya. Huku kwetu tunatafuna mukombero, wazee wamekula tangu zamani na wamezaa. Daktari, unataka kusema hiyo nayo ni uongo?

Tabibu_Wilayani

Siwezi kuita uongo mmea wa wazee. Mukombero, ambao Uganda wanauita mulondo, umefanyiwa utafiti, lakini mwingi ni kwa panya. Ukitafuna kipande kwa raha zako sina neno. Neno ninalo pale mtu anapotafuna mukombero mwaka mzima huku sukari yake iko 16 na hajui. Supu ya pweza nayo hivyo hivyo, ni chakula kizuri, kula. Ateri iliyoziba haizibuki kwa supu.

BodaMwanza

Mimi nilipata ajali ya pikipiki, nyonga ikavunjika, mrija wa mkojo ukakatika. Miezi 14 sasa. Nina miaka 29. Asubuhi hakuna kitu. Kila uzi wa namna hii watu wanasema "ni kichwa tu, jiamini". Nimejiamini mpaka nimechoka.

Tabibu_Wilayani

Kaka, pole, na kwako si kichwa. Mfupa wa nyonga ukivunjika unaweza kukata neva na ateri zinazokwenda huko. Neva zinapona polepole, wengine wanaona mabadiliko hadi mwaka wa pili, kwa hiyo mlango haujafungwa. Usiishie hospitali ya kawaida, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, KCMC Moshi wana kitengo kikubwa cha kazi hiyo. Kuna vidonge, kuna sindano za kuchoma pale penyewe, kuna pampu ya kuvuta damu, na kwa kijana ambaye ateri moja imekatika kuna upasuaji.

Na hilo la "ni kichwa tu" lina historia. Zamani hata madaktari wakubwa waliamini karibu kesi zote ni za mawazo. Mwaka 1983, kwenye mkutano wa madaktari Las Vegas, mwanasayansi Mwingereza Giles Brindley alijichoma dawa ya kutanua mishipa, akapanda jukwaani, na katikati ya mhadhara akavua suruali kuwaonyesha. Mhadhara hauna hamu ya mapenzi ndani yake, ila damu ilikuwa imeingia. Baada ya hapo hawakuweza tena kusema mwili hauhusiki. Mwaka 1994 ukatoka utafiti wa Massachusetts wa wanaume 1,290 wa miaka 40 hadi 70, na 52 kati ya kila 100 walikuwa na tatizo kwa kiwango fulani. Nusu ya wanaume wa umri huo hawawezi kuwa wote "hawajiamini".

Ila niseme na upande wa pili. Wewe ulianza na mfupa, lakini miezi 14 ya kushindwa imeshakupandishia hofu juu yake. DerevaMasafa alianza na sukari, akaishia kuogopa chumba chake mwenyewe. NdoaChanga alianza na hofu, na akianza kunywa pombe ili kuituliza anaweza kuupata ugonjwa wa mwili. Karibu kila mgonjwa wangu ana vyote viwili, tofauti ni kipi kilitangulia. Kwa hiyo ukitibu mishipa ukaacha hofu, utashangaa kidonge hakifanyi kazi.

NdoaChanga

Nimemwambia. Jana usiku. Nilimpa simu asome kile nilichoandika maana mdomo ulikataa. Alisoma, akanyamaza muda mrefu, akasema yeye alidhani simpendi, alidhani nililazimishwa na wazazi kumuoa. Wiki tatu zimeanza leo.

DerevaMasafa

Bwana mdogo, umenitangulia kwa miaka ishirini. Hongera.

Wangu nilimwambia jikoni, alikuwa anachambua mchele. Niliweka karatasi za vipimo mezani nikasema, "Mama Rehema, hakuna mwanamke mwingine. Ninaumwa." Hakuinua uso. Akaendelea kuchambua, ila mikono ikawa haichambui tena, inapapasa tu. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Tungekuwa tumeshatibu." Kliniki ya kwanza alikuja na mimi, na yeye ndiye aliyemwelezea tabibu yale niliyoshindwa kuyasema.

Niko mwezi wa saba. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 11.2, cha mwisho 7.1. Uzito kutoka kilo 104 hadi 91. Soda nimeacha, chipsi za barabarani nimeacha, nabeba dumu la maji na ugali wa dona wa nyumbani. Kila nikipaki nazunguka lori mara 40 kabla ya kulala, madereva wenzangu wameshazoea. Vidonge vya presha nilivyoanzishiwa vilibadilishwa mwezi wa tatu baada ya kumwambia daktari. Tadalafili naandikiwa ndogo ya kila siku, na sasa tunaipunguza. Sijarudi kuwa wa miaka 25, na daktari alinionya kwamba neva zilizokwisha kuharibika huenda zisirudi zote. Ila ile ya alfajiri, wakuu, wiki hii imekuja mara mbili. Ya kwanza nilikuwa peke yangu kwenye kabini na niliamka nikakaa nikashukuru.

BodaMwanza nitumie ujumbe faragha, nina ndugu Moshi anayeweza kukupokea ukienda kliniki. Foleni imeanza kutembea, naingia upande wa Nakonde. Maswali yaacheni hapahapa, nikifika Kapiri Mposhi nikipata mtandao nitajibu.